Ukungu wa asubuhi machoni: mtajie daktari na saa

Ukienda kliniki ya macho usiishie kusema "sioni vizuri". Sema huoni vizuri saa ngapi. Mimi nikiamka, ujumbe kwenye simu siusomi, na taa ya barazani naiona imezungukwa na duara la rangirangi. Ikifika saa nne nasoma hadi namba za daladala. Miwani ya kwanza haikunifaa kitu, maana nilipimwa mchana, jicho likiwa limeshatulia. Nilipoitaja hiyo saa nne ndipo daktari akaniweka kwenye darubini yenye taa na kuichunguza konea upande wa nyuma. Nina ugonjwa wa Fuchs, unaoua polepole seli za mgongoni mwa konea, ulioitwa hivyo kwa Ernst Fuchs, daktari wa Vienna aliyeueleza mwaka 1910. Tangu hapo miadi yangu naomba ya asubuhi na mapema.

Konea ni ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Katikati ina unene wa kama nusu milimita, haina mishipa ya damu, na kwa asili yake hufyonza maji. Ikifyonza mengi, inavimba na kuingia ukungu. Kinachoiokoa ni tabaka moja tu la seli mgongoni mwake, zinazofanya kazi kama mabaharia wanaofua maji kwenye jahazi linalovuja: kuvuja hakukomi, na wao hawapumziki.

Seli hizo hazisukumi maji moja kwa moja. Zinasafirisha chumvi, hasa sodiamu na bikaboneti, nayo maji hufuata. Bikaboneti hiyohiyo ndiyo inayopunguza makali ya asidi. Konea inatumia sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo huishia kuwa asidi ya laktiki, ambayo ikirundikana huvuta maji zaidi. Kumbe kukausha konea na kutuliza asidi yake ni kazi moja! (Mniwie radhi, nafundisha kemia.)

Usiku kope zimefumba, machozi hayakauki na hivyo hayavuti maji kutoka kwenye konea, oksijeni inapungua na laktiki inaongezeka. Hata konea yenye afya huamka imevimba kwa kama asilimia 4, ila mwenye seli za kutosha hahisi. Mtu mzima ana kama seli 2,500 kwa milimita moja ya mraba. Zikifa hazizaliwi nyingine. Majirani hutanuka kuziba pengo.

Ndiyo maana nasema usilale na lenzi za machoni. Kabla ya kutolewa mtoto wa jicho, omba seli zako zihesabiwe, kwa sababu upasuaji wenyewe huua baadhi. Ukipewa dozolamidi kwa ajili ya presha ya macho, mkumbushe daktari hali ya konea yako: dawa hiyo hugusa kimeng'enya ambacho seli hizi hukitumia kushughulikia bikaboneti. Usiiache kienyeji, lakini.

Mimi natumia matone ya chumvi ya asilimia 5 niliyoandikiwa. Yanawasha kidogo, kisha yanavuta maji. Ya kuchanganya jikoni usithubutu.

Seli zikizidiwa kabisa, hupandikizwa tabaka hilo peke yake, njia aliyoianzisha Gerrit Melles wa Uholanzi mwaka 2006. Sijafika huko. Waliofanyiwa hulazwa chali, kiputo cha hewa kikishikilia tabaka jipya, kwa hiyo panga mapema mtu wa kukupikia.