Jirani anapigwa na nyie mnasema "usiingilie ya ndani"? Someni yaliyonikuta

Dada kauliza afanyeje, jirani yake anapigwa na mumewe karibu kila wikiendi, na majibu mengi hapa ni yale yale, achana nao, kesho watapatana utabaki adui wewe, polisi nao wana wahalifu wa kweli wa kukimbizana nao. Sawa. Mimi nimekaa kwenye hayo "ya ndani" miaka 6.

Haikuanza na ngumi. Ilianza na simu, uko wapi, uko na nani, mbona umechelewa, baadae kadi ya benki akawa anakaa nayo mume wangu, marafiki zangu mmoja mmoja akawa anasema wananiharibu, yaani kofi la kwanza linakuja sina hata wa kumpigia. Mnaouliza mbona hukuondoka huwa hamuulizi ningeondoka na nini.

Siku alionikaba sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka giza linaingia kwenye kona za macho na mwanangu mkubwa kasimama mlangoni kashika viatu vyake mkononi. Kesho yake shingo haina alama hata moja, ila sauti imekauka na kumeza mate kunauma. Nikaenda hospitali nikasema mafua. Nesi akanitazama, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Alikukaba?" Nikalia mpaka nikaona aibu. Ndo akanieleza kwamba mtu anaweza kukabwa nje kusionekane kitu huku mshipa wa damu wa shingoni umechanika kwa ndani, akaja kupata kiharusi siku kadhaa mbele. Baadae nikasoma utafiti wa Marekani wa 2008, mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, hatari ya kuja kuuawa na huyo huyo inapanda kama mara 7. Kofi na kukabwa sio kitu kimoja jamani.

Sikuondoka siku ile, nilichukua miezi 4. Na hapa hata nyie wenye huruma mnaosema "ondoka leo leo" mnateleza kidogo, kuondoka ndo kipindi cha hatari kuliko vyote kwa sababu jamaa anaona umemponyoka. Vyeti vya watoto nilivitoa kimoja kimoja nikawa naviacha kwa rafiki kazini, nikapata simu nyingine asiyoijua, ile ya kwanza nikaiacha mezani inachaji maana nilishagundua anaitumia kujua nilipo.

Sasa hiyo ndani yenu. Wiki ya tatu baada ya kuondoka akaja kazini kwangu. Mlinzi, mzee wa watu ambaye hata jina la mume wangu halijui, akamzuia getini akavunjwa mkono. Huyo mlinzi naye alikuwa chumbani kwetu? Na kule Marekani, Texas, Sutherland Springs, Novemba 2017, jamaa aliyeua watu kanisani alishatiwa hatiani na mahakama ya kijeshi 2012 kwa kumpiga mke wake wa kwanza na kumuumiza mtoto wa kambo, jeshi la anga alilokuwa analitumikia halikupeleka rekodi kule FBI, ambako wanaonunua bunduki hukaguliwa, akaenda dukani akauziwa bunduki kama mtu msafi. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 26, mmoja ni bibi wa mke wake wa pili. Ilianzia nyumbani hiyo, na watu walijua.

Umoja wa Mataifa walikadiria 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenzi au ndugu zao, ni kama 140 kila siku. Wangapi kati yao majirani walisikia wakapandisha sauti ya tivii, kama wangu walivyofanya.

Kwa hiyo dada, usiende kujiingiza katikati peke yako, utaumia. Piga simu polisi, usiseme "kuna ugomvi", sema unachosikia, mama anapiga kelele, kuna watoto, vitu vinavunjika. Usimpelekee meseji, ile simu inawezekana inasomwa. Na siku ukimkuta peke yake usianze na "muache huyo", ataruka akwambie alianguka. Muulize kama alishawahi kumshika shingo. Akinyamaza, mwambie akapimwe hata kama haoni alama, na kwamba akitaka pa kuficha vyeti vyake, kwako papo.