Simbilisi, hamsta, kobe na kasuku: maswali yenu

Simbilisi wangu nampa chakula cha sungura cha dukani, siku hizi anachechemea na hataki kuguswa. Shida nini?

Mi nashuku vitamini C. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kuitengeneza, na chakula cha sungura hakiwekwi hiyo vitamini, sasa akiikosa viungo vinauma, fizi zinatoka damu, mwisho anaacha kula kabisa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama leo, usisubiri kesho, maana hawa wadogo wanaficha ugonjwa mpaka wamezidiwa. Akipata nafuu mpe hoho mbichi kila siku na nyasi kavu zisikosekane kizimbani, meno yake hayaachi kuota na nyasi ndo zinayasaga.

Hamsta wangu wawili walikua wanalala pamoja, sasa wanang'atana hadi damu.

Watenganishe sasa hivi, kila mtu kizimba chake. Kama ni wale wa Syria, wakishapevuka hawataki mwenzao kabisa, na sio kwamba umekosea kuwalea.

Kobe anakaa ndani karibu na dirisha, jua anapata, mbona gamba limelainika?

Jua analiona ila halimfikii lile linalohitajika jamani, kioo kinazuia karibu yote ile miale ya jua inayoitwa UVB, na bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa. Nimeshaona kobe gamba linabonyea kwa kidole, inaumiza roho kwa kweli. Daktari kwanza, halafu mtoe nje kwenye jua lenyewe, awe na kivuli cha kukimbilia, au nunua taa ya UVB. Taa nayo inachoka, inaweza kuwaka vizuri tu kumbe miale imeisha, so ibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye boksi. Na mkishamshika naweni mikono na sabuni, hasa watoto, kobe anabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima.

Kuna mtu ananiuzia kasuku wa kijivu bei rahisi, hana karatasi yoyote. Nichukue?

Usichukue. Kuna uwezekano mkubwa katolewa porini, na tangu 2017 CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, imezuia biashara ya kimataifa ya hawa wa porini kwa sababu walikua wanaisha. Halafu kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, ana akili nyingi, akiachwa mpweke anajinyonyoa manyoya mwenyewe. Kama kweli unamtaka, tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji mwenye vibali, na kabla hujalipa jua nani atabaki naye wewe ukishindwa.