Kabla hujamwaga asidi bafuni, nisikilize

Juzi dada mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Anasugua bafu lake kila Jumamosi mpaka mabega yanamuuma. Vigae vinang'aa, lakini mistari iliyo katikati ya vigae haitaki kutakata, imebaki myeusi vilevile. Jirani yake amemshauri anunue dawa ya asidi, amwage, asubiri kidogo, asuuze. "Anasema inatoa uchafu wote mara moja. Nijaribu?"

Usijaribu, dada yangu. Nilimjibu hivyo hivyo kwa haraka, halafu nikaona haitoshi. Najua wako wengi walioishika chupa hiyo sasa hivi, na jambo lenyewe liliwahi kunifika nyumbani kwangu. Mpaka leo linaniuma.

Bafu letu lina grauti nyeupe, yaani ule ujazo wa mistari iliyo katikati ya vigae, na grauti nyeupe haifichi kitu. Kipindi kimoja nilikuwa safarini, wifi yangu akaja kukaa nyumbani. Akaiona mistari ya kijivu pale kona ya kuogea, akanunua asidi, akaimwaga sakafu nzima na ukutani pia. Niliporudi bafu lilikuwa linameta. Mama mkwe akaingia, akatazama, akatoka akasema mbele ya wote, "Sasa hili ndilo bafu." Nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipiga deki bafu lile siku zote, na siku ile hakuna aliyelikumbuka hilo.

Weupe wenyewe haukudumu. Wiki chache tu, mistari ikarudi kuwa myeusi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Nilipopitisha ukucha juu yake, haikuwa laini tena; ilikuwa inakwaruza, na ukucha ukatoka na unga. Kwenye chujio la tundu la kutolea maji nikawa nakuta chembe za mchanga kila nikifagia. Haukuwa mchanga wa miguuni. Ulikuwa unatoka ndani ya grauti yenyewe, kwa sababu saruji iliyokuwa imeushika ilikwisha kuliwa. Haukupita muda mrefu, kigae kimoja karibu na tundu kikaanza kutoa mlio wa utupu ukikigonga kwa kifundo cha kidole. Maji yalikuwa yamepata njia ya kupita chini.

Na lawama zikaja kwangu. "Tulikuachia bafu jeupe, umelifanyaje?" Maneno hayo sijayasahau. Yalinifanya nikae chini nijifunze jambo hili mpaka mwisho, nisije nikaambiwa tena.

Grauti ya kawaida ni saruji, mchanga laini na rangi. Saruji imejaa kalisi, na asidi ikikutana na kalisi hiyo inaiyeyusha. Kwa hiyo ule weupe unaoufurahia baada ya kumwaga dawa haumaanishi kwamba uchafu umetolewa kwenye grauti. Tabaka lote la juu la grauti limeondoka, limekwenda na uchafu wake. Kinachobaki kina vishimo vingi zaidi, kinanyonya maji ya sabuni zaidi, kinachafuka upesi zaidi. Unamwaga tena. Kila ukimwaga unapunguza grauti, mpaka siku moja unakuta ufa mahali palipokuwa na mstari.

Siki nayo ni asidi. Ile ya kawaida ya jikoni ina asilimia 5 hivi ya asidi ya asetiki. Haili kwa kasi kama dawa za chooni, lakini ukiizoea kila wiki inakula. Limau na ndimu hali kadhalika. Kama sakafu yako ni ya mawe ya asili kama marumaru, au ni ya tarazo, hata hiyo siki isiiguse kabisa, maana itaacha mabaka yaliyofifia ambayo hakuna sabuni itakayoyarudisha kung'aa.

Wengi wetu tunapeleka nguvu mahali pasipohitaji. Kigae cha poseleni kinanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Uchafu hauna pa kuingia, unakaa juu tu, na kitambaa chenye sabuni ya maji kinautoa. Mstari ndio unaokunywa. Mabaki ya sabuni yanashikana na kalisi iliyomo kwenye maji, hasa kama maji yenu ni yale yasiyotoa povu kirahisi, yanakuwa utando wa kijivu. Ukungu unapata chakula juu ya utando huo, na ndio unaoleta weusi. Ule utelezi wa rangi ya waridi unaojitokeza kona na kuzunguka tundu mara nyingi ni bakteria anayeitwa Serratia marcescens. Vyote hivyo vinataka kitu kimoja ili viishi: unyevu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na wa pili, ni kukausha. Ukutani bafuni kwetu kumetundikwa kifaa chenye ukingo wa mpira cha kuvutia maji. Anayemaliza kuoga, awe mkubwa au mdogo, mwenyeji au mgeni, anavuta maji ukutani kisha sakafuni kuelekea kwenye tundu, anaacha dirisha wazi. Mwanzoni walinung'unika. Nikasimama pale pale. Mtu anayeoga ana nguvu za kuvuta maji kwa dakika moja, na asiyetaka basi asilalamikie weusi.

Kwa usafi wa kila wiki natumia sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu. Penye utando sugu nakoroga magadi soda, ile laini ya kuokea, na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, naipaka kwenye mistari, naiacha dakika 10 au 15, nasugua kwa brashi ya nailoni. Usitumie nyuzi za chuma. Zinachana grauti, na vipande vinavyobaki vinashika kutu na kukuachia madoa mapya. Kisha suuza kwa maji mengi, kausha.

Wapo wanaonionyesha video za mtu anamwaga siki juu ya magadi soda, povu linapanda, wanashangilia. Povu lile ni kaboni dioksidi inayotoka. Asidi na magadi vimeuana, umebaki na maji na chumvi isiyo na nguvu. Magadi peke yake yangekufanyia kazi nzuri zaidi.

Blichi ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni ukungu. Ichanganye na maji kama kibandiko kinavyosema, vaa glavu, fungua dirisha, iache dakika chache, suuza. Ila isikutane na kitu kingine bafuni humo. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha kwenye vita karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Ikikutana na dawa yenye amonia inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Chumba chenyewe ni kidogo, mlango umefungwa, umeinama umesogeza uso sakafuni. Tafadhali. Watu wanaumia hivi wakisafisha nyumba zao wenyewe.

Narudi kwenye bafu letu. Ilibidi kuita fundi. Akataka kupaka grauti mpya juu ya ile mbovu, tumalize siku hiyo hiyo. Nilikataa. Grauti mpya inahitaji kina cha kushika. Ukiipaka kama rangi juu ya ya zamani itabanduka vipande vipande. Akakwangua mistari, akakibandua kile kigae kilichokuwa kinalia utupu na kukibandika upya. Nikasimamia hata ukorogaji, kwa sababu mafundi wengi wanapenda grauti ya majimaji inayoingia kirahisi, na maji yakizidi grauti inakauka ikiwa dhaifu, rangi imepauka. Kona ambapo ukuta unakutana na sakafu hatukuweka grauti kabisa, tuliweka silikoni. Pale pana kujongea, na saruji haivumilii kujongea, inapasuka.

Mwezi uliopita alikuja fundi bomba, akatazama chini, akaniuliza vigae hivi tumeweka lini, mbona vipya. Nikamwambia vina umri mkubwa kuliko mtoto wangu wa kwanza. Hakuamini mpaka nikamwonyesha alama ya kisu cha kukwangulia pembeni ya kigae kimoja. Nilifurahi siku nzima. Mama mkwe alikuwepo, hakusema kitu, lakini siku hizi akimaliza kuoga namsikia akivuta maji.

Sasa wewe dada yangu, fanya hivi. Jaribu magadi na brashi, rudia wiki mbili tatu, huku mnakausha kila siku. Mistari ikitakata, iache ikauke vizuri, kisha tonesha maji juu yake. Tone likikaa juu limeduara, vinyweleo vya grauti yako, vile vishimo vyake vidogo, bado vimezibwa. Likizama na kuacha alama nyeusi, nunua dawa ya kuziba vinyweleo vya grauti, ipake kwa brashi ndogo mstari kwa mstari, futa iliyomwagika juu ya vigae kabla haijakauka, na msioge humo mpaka upite muda ulioandikwa kwenye kopo. Na kama ukucha unatoka na unga, usipoteze sabuni yako. Hapo tafuta fundi, na umsimamie.