Mashine inasema sangara wamepungua, mwalo unasema wapo: nani asikilizwe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria upande wa Sengerema. Juzi tulitembelewa na maofisa, wakatuambia utafiti wa mashine umeonyesha sangara wanapungua, kwa hiyo tujiandae kwa masharti mapya. Tumesikia hata habari za kufunga ziwa kama ilivyofanyika Tanganyika. Wanachama wangu wamekataa katakata. Mitumbwi yetu inaleta kilo zilezile za miaka mitano nyuma. Naomba unieleze, hiyo mashine inahesabuje samaki walio chini ya maji? Na kama sayansi inasema hivi, watu wengi wanasema vile, serikali inatakiwa ifuate lipi?

JIBU: Marahaba, Katibu. Nitaanza na mashine, maana tukiiruka hiyo, swali lako la pili litageuka ubishi wa nani kasoma na nani hakusoma, na ubishi huo haujawahi kumsaidia mvuvi wala samaki.

Bondo, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, unalijua vizuri, na bei yake unaijua kuliko mimi. Basi jua kwamba bondo hilohilo ndilo linalotupa habari za samaki. Boti ya utafiti hukata ziwa kwa mistari iliyopangwa kabla ya safari, huku chombo kilichofungwa chini yake kikituma milio mifupi kuelekea kwenye tope. Nyama ya samaki haitofautiani sana na maji, kwa hiyo mlio huipita bila kurudisha sauti ya maana. Hewa iliyomo ndani ya bondo ni kitu kingine kabisa: mlio ukiigonga, unarudi. Bondo kubwa hurudisha mwangwi mkubwa, na kutokana na nguvu ya mwangwi tunakadiria urefu wa samaki, kisha uzito wake. Dagaa hawahesabiki mmoja mmoja, wanaonekana kama wingu. Kwao tunachukua mwangwi wa wingu zima na kuugawa kwa mwangwi wa dagaa mmoja wa wastani. Sambamba na hayo, wavu wa kukokota unashushwa hapa na pale ili tushike kwa mikono kile tulichokisikia, kwa sababu mwangwi peke yake hausemi kama huyu ni sangara, furu au gogogo.

Baada ya hapo tunazidisha. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800, na boti imepita juu ya sehemu ndogo tu. Makosa huingilia hapa, na ni haki yako kuyajua.

Samaki aliyelala karibu kabisa na tope hatumwoni, maana mwangwi wake unamezwa na mwangwi wa sakafu ya ziwa. Aliye juu kabisa, sambamba na chombo chenyewe, hatumwoni pia. Vighuba vifupi na kando ya mafunjo, ambako sangara wachanga wanakulia, boti kubwa haifiki. Halafu kuna majira. Kuanzia karibu Septemba hadi Aprili maji ya juu yanapata joto, yanakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika, na huko chini hewa ya oksijeni inapungua hadi sangara wanapakimbia. Ukifika Juni na Julai, upepo wa kusini mashariki unavuruga ziwa zima na samaki wanasambaa upya. Ukipima Februari na ukipima Agosti, ziwa ni lilelile lakini samaki wamekaa tofauti. Kwa hiyo kila makadirio ya kweli hutoka na kipimo cha shaka: kati ya kiasi hiki na kiasi kile. Afisa akikuletea namba moja kavu, ujue kuna mtu njiani aliyeondoa ile “kati ya”. Mwombe akurudishie. Hutakuwa umemkosea adabu.

Sasa tuje kwenye kilo za mwaloni. Wanachama wako hawasemi uongo. Lakini nikuulize: miaka mitano iliyopita mtumbwi mmoja ulitega nyavu ngapi, na leo unatega ngapi? Injini ilikuwa ya nguvu gani? Mafuta mlikuwa mnachoma lita ngapi hadi kufika pa kutega? Mlilala majini usiku mmoja au siku tatu? Kama kilo ni zilezile na nyavu zimekuwa mara mbili, basi kila wavu sasa unaleta nusu. Mwalo hauoni upungufu huo, kwa sababu mvuvi ameufidia kwa jasho, kwa mkopo na kwa mafuta. Sangara naye ana tabia ya kukusanyika. Wakipungua ziwani hawaachani sawasawa kama mchele uliomwagwa kwenye sinia, wanabaki makundi machache, na mvuvi hodari anayafuata makundi hayo. Kundi la mwisho linaweza kuleta kilo nzuri hadi wiki ya mwisho.

Na wavuvi wenyewe wameongezeka. Hesabu iliyofanywa na Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja mwaka 2000 ilikuta wavuvi wapatao 129,000 ziwa zima, na miaka kumi baadaye walikuwa wanakaribia laki mbili.

Lakini usiniondokee na wazo kwamba mashine imeshinda. Nilipokuwa kijana kazini, nilisimama kwenye mkutano katika kisiwa kimoja nikasema, “Sayansi imesema lazima mpunguze.” Mzee mmoja akanyanyuka akaniuliza taratibu, “Hiyo sayansi ina watoto wangapi?” Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nimelibeba swali hilo mpaka leo kwa sababu alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Sayansi ilikuwa imesema kwamba kwa nyavu zile, samaki wataendelea kupungua. Neno “lazima” nililiweka mimi.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo, na historia ya ziwa letu inalionyesha vizuri. Mwaka 1927 na 1928 mtafiti Mwingereza, Michael Graham, alipima uvuvi wa ziwa hili. Alipendekeza nyavu zisiwe na macho madogo kuliko inchi 5 ili kuwaokoa ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, na akaonya kwamba kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa kama utafiti wa kina hautatangulia. Sheria ya nyavu ikawekwa, kisha miaka ya 1950 ikalegezwa. Sangara naye akaingizwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, huku wanabayolojia wakipinga na maofisa wa uvuvi wakitaka ziwa litoe samaki wengi zaidi. Wapinzani walisema furu, wale samaki wadogo wa asili, wataliwa. Wakaliwa: kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amefumuka, na aina za furu zilizopotea zinahesabiwa kwa mamia.

Sayansi ilisema kweli. Lakini nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, leo ukawaulize watu kama lilikuwa kosa. Viwanda vya Mwanza, ajira, ada za watoto, mabondo, hadi mapanki, yale mabaki ya mifupa ya kiwandani, yanayoliwa na asiyeweza kununua minofu, vyote vimetoka kwa samaki yule aliyekatazwa. Mimi moyo wangu uko na furu, sifichi. Nimewasoma maisha yangu yote na kupotea kwao kunaniuma. Hata hivyo siwezi kuchukua darubini nikapima kama furu wana thamani kuliko kiwanda. Swali hilo ni la watu, na waliopaswa kuulizwa hawakuulizwa, si wa upande wa furu wala wa upande wa sangara.

Mfano mwingine uko jirani. Kenya hufunga uvuvi wa dagaa, wenyewe wanawaita omena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai kila mwaka ili wazaliane. Sisi upande wetu mvuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kisha giza likirudi anawasha taa. Ni dagaa walewale, na tafiti tunasoma zilezile. Ingekuwa sayansi inatoa amri, amri isingebadilika kwenye mpaka. Kilichotofautiana ni nani anabeba gharama ya miezi minne ya kukaa nchi kavu, na kila nchi ilijibu kwa siasa zake.

Zipo pia siku ambazo sera iliiacha sayansi pembeni ikafuata hofu. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka kwetu, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya mlipuko wa kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema kuzuia chakula si njia inayofaa. Wakubwa kule walikuwa wanatuliza walaji wao, na mvuvi wa huku akalipia hofu ya mtu asiyemjua. Lakini mwaka 1999 samaki wetu walipozuiwa tena kwa ajili ya uvuvi wa sumu, hapo siwezi kulalamika hivyohivyo. Sumu ilikuwa inatumika kweli, na mtu asiyetaka kula samaki wa sumu ana haki yake.

Kwa hiyo nikijibu moja kwa moja: serikali haitakiwi kuchagua kati ya mashine na kura ya mwalo, kwa sababu hayo hayajibu swali moja. Je, sangara wamepungua au la? Hapo mikono ya wengi haina kazi, hata mkutano mzima ukinyoosha. Tupunguze kwa njia gani, nani aanze, nani alipwe fidia, kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, lianze kukamatwa au viwanda vianze kubanwa? Hapo digrii yangu haina kazi, na sauti yangu ina uzito sawa na wa mwanamke anayeanika dagaa pale ufukweni. Ubaya unaanza pale kiongozi anapochukua uamuzi wake kuhusu swali la pili na kuuvalisha koti la swali la kwanza, akisema “utafiti umeagiza”. Ubaya mwingine, ambao wanachama wako wanaukaribia, ni kuukana upungufu kwa kuwa dawa yake ni chungu.

Kuna jambo moja hapa ambalo maofisa wengi hawalioni, na mimi naliona zito kuliko yote. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu nyingi zilichomwa na rula ya kupimia samaki ikawa gumzo nchi nzima. Kanuni ya kuwaacha sangara walio chini ya sentimita 50 ina msingi mzuri: madume wengi huanza kukomaa wakikaribia urefu huo, majike huchelewa zaidi, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Naitetea bila kusitasita. Lakini fikiria kazi yetu baada ya moto ule. Takwimu za mavuno tunazipata kwa kukaa mwaloni na kumuuliza mvuvi alitega wapi, nyavu ngapi, za macho gani. Mtu aliyechomewa nyavu akimwona mtu na daftari, anamwona askari. Anataja nyavu chache, anaficha nyavu zilizokatazwa, samaki wadogo anawashushia kwingine usiku. Jibu lake linaingia kwenye hesabu, hesabu inaingia kwenye ripoti, na ripoti inarudi kwake kama sharti jipya ambalo anajua limejengwa juu ya uongo, kwa kuwa uongo wenyewe aliutoa yeye. Imani ya wavuvi ni sehemu ya vipimo vyetu. Ikivunjika, hakuna mashine ya sauti itakayoziba pengo hilo, hasa kule kwenye mafunjo ambako mashine haifiki.

Na kuhusu kufungwa kwa ziwa. Tanganyika ilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Usikubali mtu aseme kilichofaa kule kitafaa hapa, wala aseme hakiwezi kufaa. Tanganyika ni ziwa refu lenye kina kikubwa, na uvuvi wake mkubwa ni wa dagaa na migebuka. Victoria kina chake hakizidi sana mita 80, na sangara wetu huzaa kwa vipindi mbalimbali vya mwaka. Maofisa wakirudi, waulize wanataka kumlinda samaki yupi, wa umri gani, katika mwezi gani, na wameona nini kinachowaonyesha kwamba mwezi huo ndio wenyewe. Waulize pia Kenya na Uganda watafanya nini wakati sisi tumekaa, maana samaki hana kitambulisho cha taifa.

Nanyi msiende mikono mitupu. Chagueni mitumbwi kumi ambayo wenyewe wako tayari, mikubwa na midogo. Kila inaporudi andikeni kilo, idadi ya nyavu na macho yake, lita za mafuta, siku zilizotumika, na urefu wa sangara ishirini wa kwanza bila kuchagua. Hao wadogo msiwafiche, na majina ya wenye mitumbwi msiyaandike, wekeni namba. Nileteeni nakala kituoni kwetu Nyegezi, tutakaa pamoja kuzisoma kabla hazijaenda kwa mtu mwingine yeyote. Mkianza giza hili la mwezi linalokuja, kufikia upepo wa Juni mtakuwa na kitu ambacho hata sisi kwenye boti hatuna.