Barua kwa mwanangu: nani atakaa na mtoto?

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unauliza kama umwandikishe mjukuu wangu shule, maana huko Uingereza maombi ya shule za msingi yanafungwa tarehe 15 Januari, au umfundishe nyumbani kama nilivyowafundisha ninyi watatu. Kila nikianza kujibu hilo, najikuta nimeshajibu lingine: mchana kutwa, ni nani atakayekaa na huyu mtoto? Neno langu unalijua tangu ukiwa mdogo. Mtoto hufuata anayekaa naye. Awe mwalimu, awe mama, iwe televisheni.

Kanisani walidhani tuliwafundisha nyumbani kwa ajili ya imani, na sisi tukawaacha wadhani hivyo. Lakini wewe ulikuwa na miaka saba, unakumbuka. Tulifika Uingereza Februari, katikati ya mwaka wa masomo. Halmashauri ikampa kaka yako nafasi shule moja na wewe shule nyingine, upande wa pili wa mji, na ya mdogo wako ikawa bado inatafutwa. Gari hatuna, baba yako yuko zamu ya usiku hospitalini. Akaniambia, "Wewe si mwalimu? Wafundishe mpaka Septemba." Septemba ikaja, ikapita, na nyingine zikafuata.

Sheria haikutuzuia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayolingana na umri na uwezo wake, iwe shuleni au kwingine, na anayefundisha nyumbani halazimiki kufuata mtaala wa taifa. Kaka yako huko Ujerumani hana hata nafasi ya kuuliza unaloniuliza wewe. Kule shule ni lazima, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikatalia familia moja ya Kikristo iliyokwenda kulalamika.

Imani ndiyo iliyotupa utaratibu. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 haisemi watoto wapelekwe mahali ndipo wafundishwe. Inasema uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Basi ibada yetu tuliiweka saa mbili na nusu asubuhi, baba yako akiingia tu kutoka kazini, sare bado mwilini. Akisinzia katikati ya sala, mdogo wako anamgusa goti, anaendelea pale pale alipoachia. Kisha anapanda kulala na sisi tunaanza shule kwa kunong'ona. Nyumba ile kuta zake zilikuwa kama karatasi. Hesabu mlinong'ona, kusoma mlinong'ona, na mkigombana kuhusu saba mara nane mligombana kwa vidole. Mdogo wako ni mtu mzima sasa, na akipiga hesabu ngumu bado ananong'ona. Nilimsikia Krismasi iliyopita akijumlisha bili yake ya umeme, nikatoka nje kidogo nikamshukuru Mungu.

Saa sita mchana tulikuwa tunatoka ili nyumba ipate utulivu, na kila mara dukani au maktaba kuna mtu atakayeuliza, "Leo hakuna shule?" Kaka yako alichoka na swali hilo kuliko nyote.

Wale akina mama wa ukumbi wa kanisa, waliokuwa wakifundisha watoto wao kama sisi, ndio walionieleza habari za Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923. Alitaka vipindi viwe vifupi, mtoto asomewe mara moja tu, kisha asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilikuwa nimetoka darasa la pili lenye watoto wanaobanana wanne kwenye dawati, chaki ikiisha tunasubiri mwezi ujao, na sikuwahi kupata nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja akimaliza sentensi tano. Kwenu niliipata. Wewe ulisimulia habari za Ruthu ukamlaumu Orpa kwa kumwacha mama mkwe wao mpaka machozi yakakutoka, na kaka yako akasimama kumtetea. Mtoto hufuata anayekaa naye, na mimi nilikaa nanyi.

Lakini nisijipe ushindi haraka. Mfano wangu siku zote ulikuwa Susanna Wesley, wa kule Epworth, Uingereza, mama yake John Wesley mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyezaa watoto kumi na tisa wakakua kumi, akawafundisha mwenyewe nyumbani kwa muda wa saa sita kila siku. Nimewahubiria habari zake mpaka mkachoka. Jambo ambalo sikuwa nikilitaja sana ni kwamba hata yeye wanawe wa kiume aliwaachilia: John alipelekwa shule ya Charterhouse, London, mwaka 1714, akiwa bado mtoto. Mabinti ndio waliobaki. Siku hizi nalifikiria jambo hilo zaidi kuliko zile saa sita.

Uliwahi kuniambia kwamba hukuwa na rafiki wa rika lako mpaka ulipofika chuo. Nilikujibu kwamba ulikuwa na ndugu zako. Ndugu si rafiki, hilo nalijua. Ila najua pia wasichana wa kanisani kwetu waliokwenda shule kila siku, wakawa na marafiki tele, na leo bibi yao akipiga simu wanampa mama yao aongee kwa niaba yao, maana lugha ya nyumbani imewapotea. Ninyi mliongea na bibi yenu mpaka siku zake za mwisho. Hilo silibadilishi na kitu.

Sasa nikuambie ile ya mtihani, maana hatujawahi kuizungumza.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, ada ya kila somo tukalipa wenyewe, na biolojia tukachagua karatasi mbadala ya vitendo kwa sababu maabara hatukuwa nayo. Vituo kadhaa vilitukatalia kabla ya kile kimoja kukubali. Siku ya karatasi ya kwanza ya hesabu, kitambulisho chenye picha kilihitajika, na pasipoti zetu zote zilikuwa zimekwenda pamoja na maombi ya kuongeza kibali cha kuishi. Nilibeba nakala iliyothibitishwa na wakili. Yule mama wa mapokezi akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akauliza unatoka shule gani. Nikasema anasoma nyumbani. Akauliza mwalimu wake nani. Nikasema mimi. Akaangalia kitenge changu, akaangalia fomu, akasema polepole, kila mtu pale akisikia, "Kwa hiyo hajawahi kuwa na mwalimu."

Mimi, mwenye cheti cha ualimu Daraja la Tatu A! Kiingereza changu kilinikimbia chote. Nilitaka kumweleza kwamba nimefundisha watoto kusoma tangu kabla yeye hajaajiriwa, kwamba mtoto huyu alijua kugawanya sehemu akiwa amekaa chini ya ngazi na mshumaa siku ya umeme kukatika, na halikutoka neno. Msimamizi wa mtihani akaja, akaisoma nakala, akakuruhusu kuingia. Ulifaulu vizuri, sote tulishangilia Agosti ile, baba yako akakosa usingizi wake wa mchana kwa furaha.

Lakini mimi nabaki na dakika ile ya pale mapokezi. Aliposema vile, ulitazama viatu vyako. Vile vyeusi vya kanisani. Hukunitazama mimi. Miaka yote hii nimejiuliza: uliona aibu kwa ajili yangu, au ulinionea uchungu, au ulikuwa unarudia kanuni zako kichwani kama watoto wote kabla ya mtihani? Baba yako anasema ni hilo la mwisho. Pengine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo tunavyosema, nami nimelisema sana. Siku ile nilimwona aliyefunzwa na mamaye, na ulimwengu umesimama mlangoni unamngoja vilevile.

Ungekuwa umetoka shule wanayoijua, angekuuliza jina la shule akaandika. Basi. Hilo ni jambo dogo au kubwa? Nikiwa na nguvu nasema dogo. Usiku nikikosa usingizi nasema kubwa. Kisha asubuhi namkumbuka yule mtoto aliyemlilia Orpa, narudi palepale: mtoto hufuata anayekaa naye, na huwezi kukaa na mtu kwa saa mbili za jioni ukiwa umechoka ukategemea akufuate. Ingawa wapo waliofanya hivyo na watoto wao ni wacha Mungu kuliko baadhi ya ninaowajua waliosomea nyumbani. Hilo nalo ni kweli, na nakuandikia kwa sababu lisingekuwa haki kulificha.

Jibu langu ninalo, lipo mdomoni kabisa. Baba yako amenikataza kulitoa. Anasema mtoto ni wenu, na nchi mnayoishi ninyi si ile tuliyoikuta sisi. Pia kuna ule muswada uliopelekwa bungeni Desemba 2024 wa kuwa na daftari la watoto wasiosoma shule, kwa hiyo uliza halmashauri yenu mambo yamefikia wapi kabla hujaamua kwa kumbukumbu zangu. Nimemtii, kwa shida. Fomu ijaze tu. Nafasi ukiipata unaweza kuikataa, na hata akiwa ameshaanza shule ya kawaida, barua yako kwa mwalimu mkuu inatosha kumtoa.

Ila kuna kitu hukuniandikia. Mumeo anasemaje? Kurasa mbili zote sijaona neno lake hata moja. Zamu zake zikoje sasa, na wewe kazi yako ukiiacha nani atalipa pango? Sisi tuliweza kwa sababu baba yako alikubali kulala mchana miaka yote ile, akiamka anakagua madaftari kabla hajanywa chai. Kaa naye kwanza, msali pamoja, halafu mnipigie wote wawili Jumapili baada ya ibada. Na ile ya viatu, ukiweza, nijibu wewe mwenyewe, si kwa simu.

Baba yako anakusalimu sana. Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako