Baraza la Mafundi: Herald ya turubai na kutu, vumbi na maji ya chumvi

Barua za safari hii zote ni za gari moja: Triumph Herald ya paa la turubai, iliyoundwa Coventry, Uingereza. Herald ya kwanza ilitoka 1959, na ya mwisho 1971. Zilizobaki ni chache, kwa hiyo tumejibu kwa kirefu pale ambapo kosa moja linaweza kuliua gari.

Mafundi, habari za kazi. Nimenunua Herald 1200 ya turubai iliyokaa Tanga miaka mingi. Fundi bodi anataka kutenganisha bodi na chesisi (fremu ya chuma iliyo chini yake) wiki hii ili achomelee kwa nafasi. Nimruhusu? (Msomaji, Kizota)

Salama, ndugu yetu. Usimruhusu bado. Gari lisilo na paa la bati halina kitu cha juu kinachoshika bodi. Ukilinyanyua kabla ya kulifunga mabomba ya kulishikilia, litajikunja katikati, na milango haitafungika tena hata ukipiga rangi ya bei gani.

Anza na vipimo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Pima mwanya wa kila mlango juu, katikati na chini, uandike. Mwanya wa juu ukiwa mwembamba kuliko wa chini, chesisi imeshalegea, na kwa gari lililokula chumvi ya bahari hilo si ajabu. Kisha toa milango, uchomee bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa: mawili kila upande, na jingine likatize kutoka kushoto kwenda kulia. Bomba hizo hazitoki mpaka bodi irudi na kufungwa bolti zote.

Nguvu ya Herald iko kwenye chesisi. Bati refu lililo chini ya mlango ni la kufunika tu, kwa hiyo fundi akikuonyesha bati jipya hapo, hajakuonyesha kitu. Gonga kwa nyundo ndogo mikono ya pembeni ya chesisi na mihimili inayoiunganisha. Ikitoa sauti ya kopo, imeliwa kwa ndani. Kata mkono mmoja, chomelea mpya, ndipo uende mwingine. Ukikata miwili ya upande mmoja kwa pamoja, umepoteza vipimo. Tumia bati la milimita 1.6 au 2. La milimita 1 ni la sakafu. Kabla ya kila mkato, pima pembe kwa pembe kwa tepu: urefu wa mishazari miwili ukipishana zaidi ya milimita 5, nyoosha kwanza.

Bodi ikirudi, utakuta vipande vyembamba vya bati kati yake na chesisi. Si takataka. Ndivyo vinavyopandisha na kushusha bodi mpaka mwanya wa mlango ukae sawa. Vifunge kwenye mifuko yenye namba siku ya kubomoa. Na puti (ya kujazia mabonde kabla ya rangi) isipakwe popote mpaka milango ifunge kwa kidole kimoja.

Usukani wa Herald yangu umekuwa mzito. Fundi amepiga grisi nipeli (vichuchu vya kuingizia grisi) zote za mbele, lakini bado. (Msomaji, Mpwapwa)

Grisi hiyo ndiyo hatari. Chini ya kila gurudumu la mbele kuna tranioni, kipande cha shaba chenye nyuzi ndani, na nguzo ya chuma inayobeba gurudumu huzunguka humo kila unapokata kona. Sehemu hiyo inataka oili ya gia ya SAE 90, siyo grisi. Grisi haifiki kwenye nyuzi. Hukauka kwenye tundu la kuingilia, maji na vumbi vya barabarani vinabaki ndani, chuma kinashika kutu, nguzo inakatika. Mara nyingi hukatika gari likienda polepole usukani ukiwa umekatwa sana, na gurudumu hulala chini ya bodi.

Usiliendeshe mpaka uifungue. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, uangalie nyuzi za nguzo kwa kioo cha kukuzia. Zenye mashimo ya kutu hazisafishwi, zinabadilishwa. Ukiagiza spea, taja upande, maana nyuzi za kushoto na za kulia zinakwenda kinyume. Ukishafunga, jaza oili kwa bomba la grisi lililosafishwa mpaka oili itokeze juu. Kwa vumbi letu, rudia kila kilomita 3,000.

Linachemka kila nikipanda mlima kuelekea Kondoa. Rejeta nimeshaosha. (Msomaji, Nkuhungu)

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya bloku ya injini, hasa nyuma, kuzunguka silinda ya 4. Fungua koki ya kumwagia iliyo kwenye bloku. Kama hakitoki kitu, chokonoa kwa waya mpaka tope litoke, kisha sukuma maji safi kwa mpira. Jaza nusu maji ya betri, nusu kuleti (dawa ya maji ya rejeta). Angalia pia kuta za makaratasi magumu pembeni mwa rejeta. Zikikosekana, upepo hupita kando badala ya kupita kwenye rejeta. Kata mpya kwa kadibodi nene, uipake rangi.

Kioo cha plastiki cha turubai kimekuwa cheupe na kinapasuka. Fundi makochi anaweza? (Msomaji, Area C)

Anaweza, na wengine hushona vizuri kuliko unavyodhani. Mpe turubai lote la zamani alifumue litumike kama kielelezo. Asipime kwa macho. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba huoza kwa jua letu ndani ya muda mfupi. Alifunge mchana, gari likiwa limekaa juani saa moja, vinali ilainike: nyuma katikati kwanza, kisha mbele, pembeni mwisho.

Baada ya hapo, kioo hicho kisifutwe kikavu. Mwaga maji kwanza, vumbi liondoke, ndipo upitishe kitambaa. Asubuhi za Juni na Julai usikikunje kabla jua halijakipasha, kwani plastiki ikiwa na baridi hukatika kwenye mkunjo. Na ukilaza gari gereji, acha turubai limesimama. Likikaa limekunjwa miezi, husinyaa, na klipu za mbele hazifiki tena.

Rimu za Toyota zinaingia? (Msomaji, Manyoni)

Haziingii. Herald ina bolti 4 kwenye duara la milimita 95.25, na rimu nyingi za Kijapani ni 100 au 114.3. Usichonge matundu. Nyoosha rimu zako za inchi 13, ufunge tairi za upana wa milimita 145 au 155.