Tarehe Moja, Matukio Mengi: Je, Kweli Yalitokea Siku Moja?

Swali: Ninaandaa kurasa za “Siku kama ya leo” kwa ajili ya jarida letu, ambazo hukusanya matukio makubwa ya historia yaliyoangukia tarehe moja, na mara kwa mara ninakwama. Kitabu kimoja kinasema kwamba waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, tarehe 23 Aprili 1616, kingine kinakanusha. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ninayakuta mwezi Novemba. Shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani huko Hawaii, lina tarehe 7 Desemba huku na tarehe 8 kule. Nifuate kanuni gani? Na je, tarehe kama 9 Novemba, ambayo katika historia ya Ujerumani imejaa mambo mazito, ni suala la bahati tu?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza jambo ambalo waandaaji wengi wa kurasa za namna hiyo hulipita bila kuliuliza, na ndiyo maana kosa lililoingia katika kalenda moja huhamia katika nyingine na kudumu miaka mingi. Tarehe ikisimama peke yake haijakamilika. Ili tuseme kwa uhakika kwamba matukio mawili yalitokea siku moja, lazima tujue kila tarehe ilihesabiwa kwa kalenda gani, mahali gani, na inahusu sehemu gani ya tukio lenyewe.

Kalenda ndiyo chanzo cha utata wa Shakespeare na Cervantes. Kalenda ya Juliasi, iliyoanzishwa na Julius Caesar, iliupa mwaka siku 365 na saa 6, ilhali mwaka halisi wa jua ni mfupi kuliko huo kwa takriban dakika 11. Dakika hizo hujikusanya na kufikia siku nzima katika kipindi cha miaka 128 hivi. Kufikia karne ya 16 hesabu ilikuwa imepishana na jua kwa siku 10, na hesabu ya Pasaka ilikuwa imevurugika pamoja nayo. Kwa sababu hiyo Papa Gregori XIII aliagiza mwaka 1582 kwamba Alhamisi tarehe 4 Oktoba ifuatwe na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Hispania ilitii mara moja. Uingereza, iliyokuwa imeachana na mamlaka ya Papa, iliendelea na kalenda ya zamani hadi mwaka 1752, ambapo Jumatano tarehe 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi tarehe 14.

Basi chukua tarehe ya kifo cha Shakespeare, 23 Aprili 1616, ambayo ni ya Kalenda ya Juliasi, kisha uongeze siku 10. Kwa kuwa Aprili ina siku 30, utafika tarehe 3 Mei kwa Kalenda ya Gregori, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Madrid alikofia Cervantes. Zaidi ya hayo, watafiti wengi wa maisha ya Cervantes wanaona kwamba alifariki tarehe 22 Aprili, na kwamba tarehe 23 ni ile iliyoandikwa katika kumbukumbu ya maziko yake. Kwa hiyo vifo hivyo viwili vimetengana kwa siku 11. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliichagua tarehe 23 Aprili mwaka 1995 kuwa siku ya kimataifa ya vitabu, na kama siku ya kumbukumbu haina ubaya wowote. Kosa ni kuandika kwamba waandishi hao walikata roho siku moja.

Kanuni ya kugeuza tarehe haina ugumu. Kwa tarehe za Juliasi kuanzia mageuzi ya 1582 hadi mwishoni mwa Februari 1700 unaongeza siku 10. Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Februari 1800 unaongeza 11. Hadi mwishoni mwa Februari 1900 unaongeza 12. Na kuanzia Machi 1900 hadi leo unaongeza 13. Tofauti hiyo hukua kwa sababu Kalenda ya Gregori huuondolea siku ya 29 Februari mwaka wa kufunga karne usiogawanyika kwa 400, wakati ile ya Juliasi huubakiza kuwa mwaka mrefu. Miaka ya 1600 na 2000 inagawanyika kwa 400, kwa hiyo haikubadili chochote.

Urusi ilihama mwaka 1918, ambapo tarehe 31 Januari ilifuatwa na tarehe 14 Februari. Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioongozwa na Lenin, walitwaa madaraka mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, tarehe 25 Oktoba 1917 kwa kalenda yao. Ongeza siku 13 na utaipata tarehe 7 Novemba. Vivyo hivyo, mapinduzi ya Februari ya mwaka huohuo, yaliyoanza kwa maandamano ya wanawake mjini humo tarehe 23 Februari, yaliangukia tarehe 8 Machi katika nchi zilizotumia Kalenda ya Gregori. Hapo hatukutani na bahati hata kidogo: wanawake hao walitoka siku hiyo kwa sababu ilikuwa Siku ya Wanawake.

Uwe mwangalifu pia na mwanzo wa mwaka, kwa kuwa huko Uingereza, hadi 1751, mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, si tarehe 1 Januari. George Washington, aliyezaliwa katika koloni la Kiingereza, aliandikwa kuwa amezaliwa tarehe 11 Februari 1731, nasi leo tunaandika 22 Februari 1732: siku zimesogea na mwaka umebadilika. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Newton, kwa sababu unarudiwa hata katika vitabu vizuri vya sayansi, vinavyosema kwamba alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642 kwa Kalenda ya Gregori. Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Waingereza, ambayo kwa hesabu ya Gregori ni tarehe 4 Januari 1643. Ukiwapima kwa kalenda moja, hawakukutana katika mwaka huo.

Kuhusu Pearl Harbor, kalenda ni ileile na kinachotofautiana ni saa za mahali. Mabomu yalianguka Hawaii asubuhi ya Jumapili tarehe 7 Desemba 1941, wakati Tokyo ilikuwa tayari Jumatatu tarehe 8. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba majeshi ya Japani yalianza kushuka pwani ya Kota Bharu, Malaya, usiku wa kuamkia tarehe 8 kwa saa za huko, na bado yalitangulia ndege zilizoishambulia Hawaii. Tukio lenye tarehe 8 lilitokea kabla ya lile lenye tarehe 7! Hali kama hiyo ipo kwa Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi saa 4:56 usiku wa tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Washington, wakati London ilikuwa imeshaingia tarehe 21. Ushauri wangu ni kutumia tarehe ya mahali tukio lilipotokea, na kwa tukio la angani kutaja saa za mji gani unazifuata.

Kisha ujiulize tarehe inahusu nini. Bunge la makoloni ya Marekani lilipiga kura ya uhuru tarehe 2 Julai 1776, likapitisha maneno ya Azimio la Uhuru tarehe 4, na wajumbe wengi wakalitia saini tarehe 2 Agosti. Kuandika kwamba Azimio “lilitiwa saini tarehe 4 Julai” ni kuchanganya hatua mbili tofauti.

Nikija kwenye bahati, tarehe za mwaka ni 366 tu, na matukio ya historia ni maelfu, kwa hiyo kukutana hakuepukiki. Katika kundi la watu 23 waliochaguliwa ovyo, uwezekano wa wawili kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa unazidi nusu, kwa sababu watu 23 wanaunda jozi 253. Kwamba Abraham Lincoln na Charles Darwin walizaliwa tarehe 12 Februari 1809 ni kweli na kunapendeza, lakini hakudai maelezo. Hata vifo vya John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani wa Marekani, vyote tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio, ni adimu mno, ila tumevichagua baada ya kuviona, miongoni mwa jozi nyingi ambazo hazikukutana.

Tarehe 9 Novemba inahitaji uangalifu zaidi, kwa maana humo bahati na sababu zimechanganyika. Mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa Berlin. Mwaka 1923 jaribio la Hitler la kupindua serikali, lililoanza usiku uliotangulia, lilizimwa mjini Munich. Wanazi waliifanya tarehe hiyo kuwa ya maadhimisho yao ya kila mwaka, na ndiyo sababu viongozi wao walikuwa wamekusanyika Munich tarehe 9 Novemba 1938 habari za kifo cha mwanadiplomasia wa Kijerumani Ernst vom Rath, aliyepigwa risasi na kijana Myahudi, zilipowafikia. Usiku huo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alihutubia, na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yakaenea nchi nzima. Mwaka 1989 ni habari nyingine. Kanuni mpya za usafiri za Ujerumani Mashariki zilikusudiwa kuanza tarehe 10, lakini Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala huko, alipoulizwa na waandishi wa habari, alijibu kwamba zinaanza mara moja, na watu wakaujia Ukuta wa Berlin usiku uleule.

Kwa hiyo katika ukurasa wako yaweke matukio ya 1923 na 1938 chini ya aya moja inayoeleza uhusiano wake, na lile la 1989 ulipe aya yake peke yake. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yaweke tarehe 7 Novemba, ukiandika 25 Oktoba katika mabano.